Mkono Ushikao Bomba: Viuagugu, Saratani na Wajibu wa Mnunuzi

Mazungumzo kwa wakulima, waajiri wa mashambani na wauzaji wa pembejeo, kabla ya msimu wa kupanda



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya bidhaa ambayo wengi wenu mtaigusa kabla mvua hazijakolea. Katika lugha yetu tumezoea kuiita dawa: dawa ya magugu. Neno hilo ni jema, nalo hutukumbusha uponyaji. Lakini kitu kinachonunuliwa ili kuua kiumbe hai ni sumu, hata tukikipa jina la upole kiasi gani. Sheria hukiita kiuatilifu, na kile kinachoua magugu huitwa kiuagugu. Tutatumia jina hilo leo, ili ulimi wetu usitudanganye kabla hatujaanza.

Hatukuja kuwaambia mzitupe chupa zenu. Tunajua palizi ya jembe la mkono ni kazi ya namna gani. Mama aliyepalilia ekari mbili za mahindi, mgongo umeinama tangu alfajiri hadi jua la utosini, hahitaji kuelezwa faida ya kiuagugu. Tumekuja kwa sababu ya swali ambalo tunaulizwa tena na tena mashambani na madukani: je, viuagugu huleta saratani? Tutalijibu kwa uaminifu, pamoja na mahali ambapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Kisha sisi nasi tutawauliza swali letu: mnunuzi ndiye anayeiona lebo, lakini anayepuliza ni nani?

Waliyoyasema wataalamu

Mwezi Machi 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, liliiweka glaifosati katika kundi la 2A, yaani kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Glaifosati ndiyo kiuagugu kinachotumiwa kuliko vingine vyote duniani, na ndiyo iliyomo katika chupa nyingi zilizopangwa kwenye rafu za maduka yetu. Wataalamu hao walieleza kwamba ushahidi kwa binadamu ni wa kiasi, nao unahusu hasa limfoma isiyo ya Hodgkin, ambayo ni saratani ya mfumo wa limfu, yaani ya tezi na seli zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi. Ushahidi kwa wanyama wa maabara waliona kuwa unatosha. Mwezi Juni mwaka huohuo, kiuagugu kingine kinachojulikana na wakulima wa mahindi na miwa, 2,4-D, kiliwekwa katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani.

Haukupita muda mrefu kabla ya kauli nyingine kutolewa. Novemba 2015, Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilisema haielekei kwamba glaifosati husababisha saratani. Mei 2016, jopo la pamoja la Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani kuhusu mabaki ya viuatilifu lilisema haielekei kumletea mtu saratani kwa njia ya chakula. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali cha glaifosati kwa miaka 10.

Basi msikilizaji atauliza: mkweli ni nani? Sehemu ya tofauti hii inatokana na ushahidi uliopimwa, kwa kuwa IARC hutegemea tafiti zilizokwisha kuchapishwa hadharani, ilhali mamlaka za kutoa vibali hupima pia tafiti zinazowasilishwa na watengenezaji. Sehemu nyingine inatokana na swali lenyewe. Moto una uwezo wa kuteketeza nyumba. Jambo hilo halina ubishi. Hata hivyo moto ulio katikati ya mafiga matatu hupika ugali, na moto huohuo ukirukia paa la makuti huacha majivu. IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kuunguza. Mamlaka za vibali huuliza pia moto huo uko wapi, ni mkubwa kiasi gani, na nani amekaa karibu nao.

Hapo ndipo mfanyakazi wa shamba anapotofautiana na watu wengine wote. Kauli ya jopo la mwaka 2016 ilimhusu mlaji, yule anayekutana na mabaki madogo katika unga au mboga. Haikumhusu kijana anayekoroga sumu ambayo haijazimuliwa kwa mkono mtupu, na kuibeba mgongoni kutwa. Yeye hakukaa sebuleni akisubiri ugali. Yeye ndiye anayechochea kuni.

Tafiti zilizofanywa kwa wakulima wenyewe

Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa wakulima wa jimbo la Kansas, Marekani. Ulionyesha kwamba wanaume waliotumia viuagugu zaidi ya siku 20 kwa mwaka walikuwa na hatari ya kupata limfoma isiyo ya Hodgkin takriban mara sita ya wale wasiofanya kilimo. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha ongezeko kubwa namna hiyo kwa jumla, na hatupaswi kuunyakua utafiti mmoja na kuufanya hukumu. Lakini tuwaombeni mlishike neno moja lililomo humo, nalo ni siku. Mtafiti hakuridhika kuuliza kama mtu amewahi kupuliza. Aliuliza amepuliza siku ngapi.

Mwaka 1993 ulianza utafiti mkubwa katika majimbo ya Iowa na North Carolina, nao umewafuatilia wapuliziaji na wenzi wao wa ndoa, zaidi ya watu 89,000 kwa jumla. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018, yaliyohusu wapuliziaji 54,251, hayakuonyesha kwamba waliotumia glaifosati walipata limfoma isiyo ya Hodgkin kuliko wasioitumia. Hilo ni jambo la kutia moyo, na ni haki yenu kulisikia. Ni haki yenu pia kujua kwamba wapuliziaji hao walikuwa watu wenye leseni ya kutumia viuatilifu, na wengi wao hupuliza kwa trekta. Mtu aliyebeba bomba linalovuja, miguu peku, katikati ya majani yaliyolowa, yuko katika mazingira mengine kabisa.

Mwaka 2019 watafiti wengine wa Marekani walikusanya pamoja matokeo ya tafiti kadhaa na kuwaangalia watu waliokutana na glaifosati kwa wingi zaidi. Waliona ongezeko la hatari la asilimia 41 la limfoma hiyohiyo. Tuieleze namba hii isije ikatisha kuliko inavyostahili. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ugonjwa fulani huwapata watu 20 katika kila watu 1,000. Ongezeko la asilimia 41 lingewafanya wawe 28. Watu 972 wangebaki bila ugonjwa huo. Lakini wale wanane walioongezeka wana majina, wana watoto, na kila mmoja wao ana shamba litakalobaki bila mwenyewe.

Tunayoweza kuyasema kwa uthabiti, basi, ni haya. Hakuna awezaye kumwambia mpuliziaji kwamba lazima atapata saratani, na hakuna awezaye kumwahidi kwamba hataipata. Limfoma ina visababishi vingine pia, virusi vya UKIMWI vikiwa miongoni mwavyo, na si kila mgonjwa aliyewahi kushika bomba aliugua kwa sababu ya bomba. Lakini wote, wanaoshuku na wasioshuku, hukutana katika jambo moja: kadiri sumu inavyoingia kidogo mwilini, na kwa siku chache zaidi, ndivyo hatari inavyopungua. Jambo hilo halingoji wataalamu wamalize mjadala wao. Limo mikononi mwetu msimu huu.

Rangi ya lebo na jambo isilolisema

Wengi wenu mmefundishwa kuangalia mstari wa rangi ulio chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali mno, njano ni sumu ya wastani, buluu ni ya kiwango cha chini, na kijani ni ile isiyotarajiwa kudhuru ghafla ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Mafunzo hayo ni sahihi, nasi tunawasihi muendelee nayo. Lakini tumewasikia watu wakisema madukani: "Hii ni ya kijani, haina shida." Hapo tunalazimika kuwasimamisha.

Rangi ile hupima jambo moja tu: uwezo wa sumu kumdhuru mtu upesi, kwa saa au kwa siku chache, akiimeza, akiivuta au ikimmwagikia. Haikuwekwa kueleza kinachoweza kutokea baada ya misimu ishirini. Saratani huchelewa. Huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mwili kukutana na kilichoianzisha, na siku hiyo ikifika, chupa ilikwisha kuchomwa na duka limekwisha kubadili mwenye. Ndiyo maana tunasikia hoja hii mara kwa mara: "Mbona mimi nimepuliza miaka kumi na ni mzima?" Tunamshukuru Mungu kwa uzima wake. Lakini uzima wa leo hauwezi kuwa shahidi wa mambo ya kesho.

Jambo la pili kuhusu lebo ni kwamba kilichomo ndani ya chupa ni zaidi ya jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Huchanganywa pia vitu vya kusaidia sumu ishike kwenye jani na kupenya, na vitu hivyo navyo huweza kuwa na madhara. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kimojawapo cha vitu hivyo kisichanganywe tena na glaifosati. Tena sumu huweza kubeba uchafu wa kiwandani. Kiuagugu ambacho jeshi la Marekani lilikimwaga katika misitu ya Vietnam miaka ya 1960, kilichojulikana kama Agent Orange, kilikuwa na uchafu uitwao dioksini, na dioksini ya aina hiyo leo imo katika kundi la kwanza la IARC, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Funzo letu hapa ni fupi: msinunue kiuagugu kisichosajiliwa, kilichofunguliwa, au kinachouzwa kwa kumiminwa katika chupa ya maji au ya soda. Hakuna ajuaye kilichomo. Na chupa ya soda iliyo na kiuagugu kama parakwati, ambayo kiasi kidogo tu kikimezwa huweza kuua na haina dawa ya kuitengua, ni mtego uliowekwa jikoni kwa ajili ya mtoto.

Njia ambayo sumu hupita

Watu wengi hufikiri kwamba hatari kubwa ni harufu, kwa hiyo hujifunga kitambaa puani na kudhani wamejikinga. Kwa mpuliziaji wa viuagugu, njia kuu ni ngozi. Mikono ndiyo inayopokea sehemu kubwa, hasa wakati wa kupima na kukoroga, kwa sababu hapo sumu bado haijapata maji. Mgongo, makalio na mapaja hupokea inayovuja kutoka kwenye bomba. Miguu hupokea iliyoko kwenye majani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na katika kazi hii maneno hayo ni kweli tupu: shati lililolowa kiuagugu na kukaukia mwilini linaendelea kuiingiza sumu hata baada ya bomba kutuliwa chini.

Kwa hiyo tunawausia yafuatayo, na tunawaomba myashike kwa utaratibu wake.

Kabla ya kukoroga, jazeni bomba maji safi na kulipuliza pembeni ya shamba. Likivuja kwenye mfuniko, kwenye mpira au kwenye kishikio, litengenezwe kwanza. Bomba linalovuja lisibebwe, hata kama mvua iko njiani.

Vaeni glovu za mpira mgumu usiopenyeza kemikali. Glovu za kitambaa au za ngozi hufyonza sumu na kuikumbatisha mkononi, nazo ni mbaya kuliko kutovaa kabisa. Vaeni buti za mpira, na suruali ipite nje ya buti ili kinachotiririka kisiingie ndani. Shati liwe la mikono mirefu, macho yafunikwe, na aproni ya plastiki ivaliwe wakati wa kukoroga. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa kemikali. Fuateni aina iliyotajwa kwenye lebo.

Pimeni kwa chombo chenye alama za mililita. Kifuniko cha chupa si kipimo. Tuseme lebo inaelekeza lita 2 kwa hekta, katika maji lita 200. Maana yake ni mililita 10 kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 16 litahitaji mililita 160, na bomba la lita 20 litahitaji mililita 200. Anayeongeza "ili iue vizuri" huongeza gharama yake na sumu ya mpuliziaji kwa pamoja.

Pulizeni asubuhi au jioni upepo ukiwa mtulivu. Upepo usiwapige usoni. Mpuliziaji asogee akiliacha nyuma eneo lililokwisha kupulizwa, asirudi kukanyaga majani mabichi. Nozeli ikiziba, isafishwe kwa brashi laini na maji; isipulizwe kwa mdomo kamwe.

Oshení mikono kwa sabuni kabla ya kula, kabla ya kuvuta sigara, na kabla ya kwenda kujisaidia. Hili la mwisho husahauliwa, ilhali ngozi ya sehemu za siri hupitisha kemikali kwa wepesi mara nyingi zaidi kuliko ngozi ya mkono.

Kazi ikiisha, osheni glovu zikiwa bado mkononi, kisha zivueni. Ogeni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto, na anayefua avae glovu. Mara nyingi anayefua ni mke au binti ambaye hajawahi kukanyaga shamba siku ya kupuliza, na sumu humfikia kwa njia ya beseni. Chupa tupu ioshwe mara tatu, maji yake yarudishwe katika bomba, kisha itobolewe ili isitumike tena.

Na kuhusu maziwa. Tumewaona waajiri wema wakiwapa wapuliziaji maziwa baada ya kazi, kwa imani kwamba yatakata sumu. Maziwa ni chakula bora, nasi hatumkatazi mtu kuyanywa. Lakini hayaitoi sumu iliyopita kwenye ngozi. Fedha ya maziwa ingenunua glovu.

Mnunuzi na mpuliziaji

Sasa tumefika kwenye swali letu. Ushauri wote tuliouzoea kuutoa kwa watumiaji wa bidhaa humlenga mnunuzi: soma lebo, dai risiti, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Katika bidhaa nyingi anayenunua ndiye anayetumia. Katika viuagugu mambo mara nyingi ni tofauti. Mwenye shamba hununua chupa, huiona lebo, huuliza maswali dukani. Kisha humwita kijana wa kijijini, humpa bomba lililokwisha kukorogwa, na kumwonyesha mpaka wa shamba. Kijana huyo hulipwa kwa bomba au kwa ekari, kwa hiyo haraka ndiyo mkate wake. Akimaliza kwa huyu, kesho yuko kwa jirani, na keshokutwa kwa jirani wa jirani.

Rudini sasa kwenye lile neno tulilowaomba mlishike: siku. Mwenye shamba la ekari tatu huweza kupuliza siku mbili katika msimu mzima. Kibarua anayepulizia kijiji kizima hupuliza siku thelathini, arobaini, na wakati wa vuli anaanza tena. Sumu ya wenye mashamba wengi hupita katika mgongo mmoja. Na mwenye mgongo huo ndiye ambaye hakuiona lebo, hakuchagua bidhaa, hajui jina lake, na hana glovu. Ikiwa kuna mtu mmoja katika kijiji ambaye onyo la mwaka 2015 lilimhusu, ni yeye.

Kwa hiyo tunasema kwa unyenyekevu lakini bila kuficha: anayenunua kiuagugu hununua pamoja nacho wajibu juu ya mwili wa atakayekipuliza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya hatari, na kubeba bomba la sumu ni mojawapo ya kazi hizo. Lakini hata pale ambapo mkaguzi hatafika, ubinadamu unatosha kutuamuru. Mpelekee kibarua chupa yenyewe, umsomee lebo kwa sauti ikiwa hawezi kuisoma. Mpe glovu na buti, wala usimkate gharama yake. Mlipe kwa namna ambayo haitamfanya akimbilie kazi katika upepo. Vyama vya ushirika vinaweza kununua seti kadhaa za vifaa na kuziazimisha, kama vinavyoazimisha mizani.

Tena zipunguzeni siku zenyewe. Kazi igawanywe kati ya watu kadhaa waliofunzwa, isimwangukie mmoja kila siku. Shamba lililofunikwa mabua, au lililopandwa fiwi katikati ya mahindi, huota magugu machache. Katika mpunga uliopandwa kwa mistari, mashine ndogo ya kusukuma hupalilia bila tone la sumu. Kiuagugu kitumike pale kinapohitajika, na kisiwe mazoea.

Daftari la kurasa arobaini

Tunamalizia kwa jambo ambalo gharama yake ni ndogo. Mwaka 2015 Ufaransa iliitambua limfoma isiyo ya Hodgkin kuwa ugonjwa unaotokana na kazi kwa wafanyakazi wa kilimo waliotumia viuatilifu, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikaiongeza saratani ya tezi dume. Nchini mwetu, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua kwamba ugonjwa unaweza kutokana na kazi. Lakini atakayesimama mbele ya daktari au mbele ya mfuko wa fidia akisema "nilikuwa napuliza dawa ya magugu" ataulizwa: dawa gani? lini? siku ngapi? kwa nani? Na vibarua wengi leo hawana jibu hata la swali moja.

Kila mpuliziaji awe na daftari. Siku ya kazi aandike tarehe, jina la kiuagugu na namba yake ya usajili kama zilivyo kwenye lebo, saa alizofanya kazi, na shamba la nani. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenye shamba, na mwenye shamba asione ni usumbufu. Mstari mmoja unatosha. Daftari hilo litamwonyesha mwenyewe amepuliza siku ngapi, na huenda likamwambia kwamba msimu huu zimetosha.

Na ikiwa mtu ataona uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kinenani ambao hauondoki, homa zisizoeleweka, jasho jingi la usiku au kukonda pasipo sababu, aende hospitali mapema. Dalili hizo huweza kuwa za kifua kikuu au za maradhi mengine, na daktari atavipima hivyo pia. Lakini aende na daftari lake, amwambie daktari kazi aifanyayo, hata kama hakuulizwa. Saratani iliyoonekana mapema hutibika kwa urahisi kuliko iliyochelewa. Na mtu aliyepatwa na sumu ghafla, akitapika, akibanwa kifua au akiungua macho, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa au lebo yake, ili daktari ajue anapambana na nini.

Ndugu zetu, hatukuwaletea jibu lililofungwa kwa kamba. Wataalamu wataendelea kupima na kubishana, na wajibu wetu ni kuwaletea wanachokubaliana kila kinapopatikana. Lakini msimu haungoji. Wiki ijayo mwenye shamba ataingia dukani, atachukua chupa rafuni, na kulipa. Tunamwomba kabla hajatoka amfikirie aliyebaki nje akimsubiri na bomba mgongoni, kisha arudi kaunta na kuuliza bei ya jozi moja ya glovu.